Kataa kekundu ka nyumba yangu ya magurudumu

Kuna kitu gani mu gari kinaweza bado kunishangaza mimi? Hakuna. Hivyo ndivyo nilikuwa naambia watu wote wa Kadutu, hapa Bukavu, mpaka leo asubuhi.

Leo nimepata haya mpaka masikio yanawaka. Naandika sasa hivi, ningali na suti ya arusi, kabla mutu mwingine awaletee hii habari na chumvi yake juu.

Kwa wale hawanijui vizuri: mimi ni Papa Nsimire. Shule niliachia mwaka wa ine wa primaire (na hata huo wa ine sikuumaliza). Nilianza na kubeba mifuko ya simenti kwa kichwa. Leo simenti naiuza mimi. Nyumba nilijenga mwenyewe, umeme wa nyumba nilipitisha mwenyewe. (Ndiyo, ukuta wa salon unapiga courant kidogo mvua ikinyesha. Tumezoea.)

Mwaka jana nilinunua camping-car ya muzungu mumoja aliyekuwa anarudi kwao. Ile gari ndefu ya zamani, ndani iko nyumba: kitanda, jiko, frigo, hata choo. Watu walicheka. Mimi niliona mbali. Bibi arusi anavalia ndani, anatengenezwa nywele ndani, anakunywa kitu ya baridi ndani, kisha anatoka mbele ya kanisa kama malkia. Kila samedi, jumamosi ya ndoa, watu wanaikodi.

Sasa samedi ya leo haikuwa ya kukodisha. Ilikuwa ya mutoto wangu, Nsimire, wa kwanza. Anaolewa na kijana wa Muhumba, kule kwa wakubwa, baba yake anafundisha ku université. (Wale watu hata ndizi wanakula na kisu na fourchette.) Juzi jeudi huyo Professeur alinipigia simu, sauti ya upole.

— Papa Nsimire, tuko na jeep. Itabeba bibi arusi, hakuna shida.

— Aksanti, mukwe. Mutoto wangu atatoka mu gari ya baba yake.

— Lakini nasikia ile gari inasumbuaka na batterie…

— Professeur, wewe fundisha. Mambo ya gari uniachie.

Professeur hakukosea. Gari ilikuwa inasumbua. Niwaelezee.

Ilianza na kataa, ile taa kadogo kekundu pale mbele ya dereva, kale kenye picha ya batterie. Kakawa kanawaka na kuzima. Mimi sikuhitaji kuuliza mutu. Nikafungua moteur, nikaona mukanda umelegea, ule unaozungusha alternateur. (Alternateur njo inajaza batterie gari ikitembea. Unaona najua.) Nikaukaza. Kataa kakapungua, lakini siku moja moja kakakonyeza bado. Bibi arusi mumoja akaniuliza, "Papa, ile nyekundu ni ya nini?" Mama yake akafanya ishara ya musalaba. Nikasema, hapana, hii kitu itanifukuzia clients. Jioni nikafungua tableau, ule ubao wa mbele ya dereva, nikachomoa ampoule, ile balbu ya kataa. Dakika mbili. Taa kwisha, woga kwisha.

Kisha batterie ikaanza kufa. Nikanunua mupya. Nayo ikakufa. Nikaenda kwa Déo, mécanicien wa kule chini, akaniuzia alternateur. Akataka kuja kuiweka yeye. Nikamuambia, mutu amepitisha umeme mu nyumba nzima atashindwa na kukaza vis tatu? Ile ya zamani nikamuachia, hii nikaiweka mwenyewe. Batterie ikakufa tena! Hapo nikajua: Déo ameniuzia alternateur ya uongo.

Tangu siku ile naishi vile tunaishi sisi wote wa Bukavu wenye magari zee: unaegesha pua ikiangalia chini. Mungu alitupatia milima ya bure. Unaachilia frein, gari inateremka, unaingiza vitesse, inawaka. Usiku batterie naichajia nyumbani, kesho tunaendelea.

Shida ni kwamba jana courant ilikatika kwetu, batterie ikalala bila kujaa.

Na shida ingine ni padri. Leo kulikuwa ndoa tatu mu misa moja, na wakati wa mafundisho alituambia wazi: wenye hawako mbele ya altare saa ya kuapa, watarudi samedi ingine. Hachekaki yule padri. Na salle ya karamu tumeilipia leo, chakula iko inaiva leo, wageni wa Kamanyola wamefika leo. Tukichelewa, Nsimire haolewi. Nilijua hiyo. Lakini uso wangu? Kavu kabisa.

Tukaondoka vizuri. Nikaachilia frein, tukateremka, moteur ikaitika, majirani wakapiga makofi. Ndani, muke wangu, Maman Nsimire, alikuwa anamunyoosha mutoto nywele na fer ya umeme. Frigo inanguruma. Muziki juu. Taa za rangi nilizozungusha ku madirisha zinakimbizana. Nyuma yetu jeep ya Professeur, na nyuma ya jeep camionnette ya fanfare, vijana na matarumbeta yao chini ya bâche. Nikajiambia, ona mubeba simenti!

Kisha mvua. Nikawasha essuie-glace. Zikapangusa kioo mara moja. Mara ya pili zikaenda polepole, kama mutu anafikiri. Mara ya tatu zikasimama katikati.

Nikapiga klaksoni ili taximan mumoja atoke mbele. Klaksoni ikatoa sauti ya mbuzi mugonjwa.

— Baba, taa za huku nyuma zimezimika, Maman Nsimire akasema.

— Kitu kidogo hiyo.

— Na fer imepoa. Nimemunyoosha upande mumoja tu!

— Maman, kaa chini. Niko naendesha.

Jasho ilikuwa inashuka mu shingo. Muziki ikawa inavuta, muimbaji akazeeka mbele yetu, akanyamaza. Nikaangalia tableau. Hakuna taa nyekundu. Nikashukuru Mungu. Nikajiambia, kama kungekuwa shida ya batterie, kataa kekundu kangewaka. (Naapa, nilifikiri hivyo. Mimi mwenye nilikang'oa!)

Moteur ikakohoa. Ikakufa.

Na ikafia wapi? Mu huu muji wote ni kupanda na kushuka, hakuna hata fasi ya kutandika mukeka bila kuteleza, nayo ikaenda kufia mu kashimo kati ya milima mbili. Mbele kupanda. Nyuma kupanda. Nikazungusha ufunguo: tak. Tena: tak. Mara ya tatu, hata tak hakuna.

Watu wakashuka. Professeur akaja na mwavuli, suruali ameikunja, soksi nyeusi mpaka juu.

— Papa Nsimire, ni nini?

— Ni mwizi, nikajibu. Iko mwizi mumoja anaitwa Déo, ameniuzia alternateur ya bandia. Na leo atajibu mbele yenu wote!

Hapa njo nilijichimbia shimo. Ningempigia simu sikioni kama watu wengine. Hapana. Mimi nikaweka haut-parleur, sauti mpaka mwisho, nikainua simu juu ili wakwe wasikie, fanfare isikie, na wale maman wanauza avoka chini ya bâche ya barabarani wasikie vilevile.

— Déo! Mutoto wangu anaolewa na gari yako ya uongo imesimama mu mvua!

— Gari yangu? Papa Nsimire, gari iko yako.

— Alternateur yako! Tangu niiweke haijawahi kujaza batterie hata siku moja!

— Ngoja, papa, usikasirike. Ukiwasha contact kabla ya kuzungusha moteur, kataa kekundu ka batterie kanawaka?

— Hakawaki! nikasema, na kifua mbele. Pale hakuna shida, pale nilishatengeneza.

— Ulitengeneza nini?

— Kataa. Nilichomoa ampoule.

Nikafikiri mawasiliano imekatika.

— Déo? Uko?

— Niko, papa. Ulichomoa… wewe?

— Mimi mwenyewe!

— Papa Nsimire. Ile ampoule si pambo. Mu gari za zamani kama ile yako, courant inapita kwanza mu ile ampoule, njo inaamsha alternateur. Ukiitoa, alternateur inazunguka tu, lakini imelala. Haijazi kitu.

— Hata hii mupya?

— Hata ukiweka kumi.

Nikatafuta pa kutokea.

— Na ile ya zamani je? Ile niliyokuachia?

— Ile? Ilikuwa nzima kabisa. Iko inatembea mu taxi ya kwenda Nyangezi.

Nikasikia kitu nyuma yangu. Kijana wa fanfare alikuwa anacheka ndani ya tarumbeta. Inatoka mbaya sana, ile sauti. Kisha maman mumoja wa avoka akauliza mwenzake, sauti ya juu: "Huyu papa alitoa taa ili asione ugonjwa?" Pale hapakubaki mutu wa kusimama wima. Professeur alikuwa anaangalia viatu vyake, mabega yanatetemeka. (Watu wenye masomo wanacheka na mabega.)

— Papa, rudisha tu ile ampoule, Déo akasema. Iko wapi?

Hiyo nilijua! Nilikuwa nimeiweka mu cendrier ya gari, kale kasanduku ka majivu ya sigara. Nikakimbia, nikafungua. Cendrier inametameta, tupu.

— Maman Nsimire! Kulikuwa kakitu ka kioo humu!

— Kale kadogo? Nimekatupa asubuhi. Ni gari ya bibi arusi, haiwezi kuwa na takataka.

Nikauliza Déo kama tusukume. Akasema bure: batterie imekufa kabisa, na bila courant kidogo hata mafuta haifunguki kwenda mu moteur. Ni kukokota tu.

Kengele ya kanisa ikalia kule juu. Misa inaanza.

Professeur akafungua mulango wa jeep yake. Ule mulango ulinichoma kuliko kicheko. Nikaangalia matope. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua:

— Mukwe, mubebe mutoto. Usikose misa kwa ajili yangu.

Hapo dirisha ya nyumba yangu ya magurudumu ikafunguka. Nsimire akatoa kichwa. Upande mumoja nywele zimelala, upande mwingine zimesimama kama zinapigana.

— Papa Professeur, aksanti sana. Lakini papa alisema nitatoka mu gari yake, na watu wote nimeshawaambia. Jeep ivute.

— Ivute na kamba? Professeur akauliza.

— Na kamba.

— Mutoto, watu watacheka… nikamuambia.

— Si wameshaanza?

Tukafunga kamba ya fanfare, ile wanafungiaka ngoma kubwa. Mimi ku volant. Hamukosi kujua: gari ya namna ile moteur ikizima, volant inakuwa nzito kama mufuko wa simenti iliyolowa, na frein inataka miguu miwili. Mbele yangu, mita chache, matako ya jeep inayong'aa. Kioo hakionyeshi kitu kwa mvua. Nikatoa mukono dirishani, nikawa napangusa na cravate ya shingoni. Mukono mumoja cravate, mumoja volant, miguu yote miwili ku frein, mudomo mu Salamu Maria. Nyuma, fanfare ikaona afadhali ipige. Ikapiga mpaka kanisani.

Tukafika watu wakiwa kwenye ngazi. Padri tayari mulangoni, kitabu mukononi, anaangalia kamba, ananiangalia mimi, anaangalia cravate yangu.

— Kamba ya nini? maman mumoja akauliza.

— Ni mode ya sasa, mwingine akamujibu.

Nsimire akashuka, veli imefunika ule upande wa nywele wenye fujo, kichwa juu. Nikamushika mukono. Akaniambia chini chini, "Papa, tumefika mu gari yako." Tukaingia. Yeye na bwana arusi wakaapa wa tatu, wa mwisho. Ameolewa! Mushukuru pamoja na mimi, kisha mukiweza musahau ile ingine yote.

Lakini nani atasahau? Ku salle, Professeur alichukua micro, akasema familia zetu mbili sasa zimefungwa na kamba hakuna mutu ataikata. Watu wakapiga meza. Niliinua chupa yangu kama mutu anayefurahi.

Saa hii niko ku parking. Déo amekuja na pikipiki, ameingiza mukono nyuma ya tableau, ameweka ampoule mupya, ametuazima courant ya jeep. Nikawasha contact: kataa kakawaka, kekundu, kazuri. Moteur ikaitika: kakazimika. Akapima batterie, akanionyesha: inajaa. Nilikaangalia kale kataa kama mutu anaangalia mutoto aliyerudi.

Nikamuomba Déo radhi kwa ile neno ya mwizi. Akasema tusiongee tena. Nikauliza bei ya kazi. Akasema kazi ni zawadi ya arusi, nilipe tu ampoule.

Musicheke. Batterie mupya na alternateur, bei yake sitasema. Dawa yenyewe ilikuwa franka mia tano.