Aliyemwakilisha Mheshimiwa Angani

Wizara ya Mambo ya Juu ilifurahi kuutangazia umma kwamba umbo la dunia, suala lililocheleweshwa kwa muda mrefu na watu wasioitakia nchi mema, lingethibitishwa rasmi Jumamosi saa nne asubuhi, nyuma ya karakana ya wizara. Wananchi wote walikaribishwa. Waliombwa waje na miavuli, na wasisimame chini ya kitu chochote kitakachoonekana kinashuka.

Tangazo liliandikwa na Mama Itifaki, ofisa wa itifaki, mwanamke ambaye katika kazi yake yote hajawahi kumkalisha naibu kwenye kiti cha mkuu. Aliliandika kwa ufasaha, akaligonga muhuri, kisha akaingia msalani akalia mpaka kope zikavimba. Maana aliyekuwa anarushwa angani kwenda kulithibitisha umbo hilo ni mdogo wake, tumbo moja.

Mambo yalianza kama mchezo. Mwandishi wa habari alimuuliza Waziri, kwa utani tu, eti dunia ni mviringo au bapa. Waziri, ambaye tangu aapishwe hajajibu swali kwa ndiyo wala hapana, alisema wataalamu wanalifanyia kazi. Basi ikabidi wataalamu watafutwe. Akapatikana mmoja: Fundi Bapa, mchomelea mageti na matangi, aliyebandikwa jina hilo na mtaa mzima kwa sababu kwake dunia ilikuwa bapa kama sinia, ina ukingo, na picha zote za angani zilichorwa na watu wenye jambo lao. Chombo alikuwa nacho tayari. Tangi la kuchemshia maji lililosimamishwa wima, kiti cha kinyozi juu yake, na turubai la kushukia. Maji yakichemka, mvuke ukibanwa vya kutosha, unafungua valvu ya chini, mtu anapaa kwenda kuutazama ukingo.

Jaribio la kwanza alirusha gunia la mchanga. Gunia lilirudi, mchanga haukurudi.

“Mchanga haukufunga mkanda,” alimweleza dada yake, huku anang'arisha tangi kwa kitambaa.

“Na turubai?”

“Turubai lilichelewa kidogo. Litazoea.”

“Mdogo wangu, ukianguka je?”

“Dada, nikianguka nitakuwa nimeshaona.”

Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Mama yao alipiga simu mara tatu siku hiyo, na kila mara aliuliza jambo lile lile, kama serikali kweli imekubali. Serikali ilikuwa imekubali. Mkurugenzi wa Usalama wa Vitu Vinavyopanda alikikagua chombo kutoka dirishani kwake, ghorofa ya tatu, akatia saini kwamba ni salama kwa matumizi ya binadamu wa kawaida.

Mama Itifaki alikuwa na silaha moja tu duniani, nayo ni itifaki. Alhamisi akabisha hodi kwa Mkurugenzi, uso mkavu.

“Bosi, kuna tatizo la ngazi. Mheshimiwa atakuwa amekaa jukwaani, na fundi wa mageti, ambaye hana cheo hata cha kusingiziwa, atakuwa juu yake. Hadharani. Mbele ya kamera.”

Mkurugenzi alibadilika rangi. Miaka yote ya utumishi, hakuwahi kusikia fedheha kama hiyo.

“Juu kiasi gani?”

“Juu sana, bosi.”

“Sasa kanuni inasemaje?”

“Anayetangulia kupanda ni mgeni rasmi.”

Alitoka pale anajipongeza moyoni. Waziri kupanda lile dude? Thubutu! Shughuli ingefutwa kabla ya chai. Lakini wizara haijawahi kufuta kitu. Mchana ikaja taarifa kwamba Mheshimiwa ameguswa sana na heshima hiyo, ila ana majukumu mengine ya kitaifa, hivyo atawakilishwa na Mkurugenzi. Mkurugenzi naye aliguswa sana, ila mgongo ukamkamata ghafla, akamteua msaidizi wake. Msaidizi akafiwa na mkwe, mama wa watu ambaye alishakufa mara mbili huko nyuma kwa sababu za kikazi. Uwakilishi ukashuka idara kwa idara, kila aliyeupokea akaugua, akasafiri au akaoa, hadi Ijumaa jioni ulipokosa mtumishi wa kumwangukia. Mkurugenzi akapata wazo.

“Huyo ndugu yako si anataka kupanda? Basi apande kwa niaba ya Mheshimiwa. Ngazi itakuwa imekaa sawa.”

Kamba aliyoisuka Mama Itifaki kumwokoa mdogo wake ndiyo hiyo inamfunga. Alisema kwa sauti ndogo, “Anayemwakilisha Mheshimiwa ni Mheshimiwa, bosi. Atapewa yote.”

“Mpe yote.”

Akampa yote. Alichotaka ni kuchelewesha tu, mvuke upoe, mvua inyeshe, lolote. Jumamosi akamvisha koti la akiba la Waziri, akamkalisha kiti cha nyuma cha gari jeusi, pikipiki ya king'ora ikatangulia.

“Dada, mbona hatusimami kwenye taa nyekundu?”

“Wewe husimami.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Fundi Bapa aliegemea kiti. Baada ya mzunguko wa pili akashusha kioo, akauliza kwa nini yule mwenye baiskeli anamtazama usoni.

Walifika saa sita, kwa shughuli ya saa nne, jambo ambalo lilichukuliwa kuwa kuwahi kwa kupigiwa mfano. Bendi ikapiga. Umati ukasimama. Mkurugenzi mwenyewe, mgongo umepona kimiujiza, alimshikia mwavuli, kwa sababu kanuni ndivyo inavyotaka. Fundi Bapa akaletewa maji. Akaonja, akasema si baridi. Yakaondolewa yale, yakaletwa mengine, na aliyeyaleta akaomba radhi. Kisha akapewa hotuba, kurasa kumi na nane alizoziandika dada yake usiku kucha kwa maneno marefu kadiri alivyoweza. Akasoma. Watu wakapiga makofi. Akakohoa, wakapiga makofi.

Nyuma yake tangi lilikuwa linanguruma. Mishono ilitoa machozi ya mvuke, na kiti cha kinyozi kilitetemeka chenyewe. Fundi Bapa aligeuka akalitazama, na Mama Itifaki, aliyemjua tangu anatambaa, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona usoni pake. Mdogo wake alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kama mtu mwenye kiti kizuri anavyoogopa kukiacha. Nusura amkumbatie pale pale jukwaani.

“Mheshimiwa,” Mkurugenzi akainama, “chombo kiko tayari.”

Fundi Bapa akakaa chini taratibu.

“Kimekaguliwa?”

“Kimekaguliwa, Mheshimiwa.”

“Na nani?”

“Na mimi mwenyewe.”

“Ulikaa humo ndani?”

Umati ukacheka. Mkurugenzi naye akacheka, maana Mheshimiwa akitania unacheka. Lakini kamera zote zilikuwa zimemgeukia, na Mheshimiwa hakuwa anatania.

“Nenda ukakae, wananchi waone. Na funga mkanda. Mchanga haukufunga.”

Mtumishi wa umma hamkatalii Waziri hadharani, hata akiwa Waziri wa tangu asubuhi. Mkurugenzi alipanda ngazi, akaketi, akafunga mkanda, akatabasamu kwa ajili ya gazeti. Watu walishangilia mno. Na Fundi Bapa, kwa raha ya kushangiliwa, akainuka akawapungia mkono, kama Waheshimiwa wote wanavyopunga.

Askari wa zimamoto walikuwa wameambiwa jambo moja tu asubuhi ile: Mheshimiwa akipunga mkono, fungueni valvu.

Mlio wake ulisikika mjini. Mkurugenzi alipanda juu ya nyaya za umeme, juu ya mnara wa simu, akiwa amekaa wima kiofisa, kisha chombo kikajipinda, kikazima, na kikaanza kurudi. Turubai halikuwa limezoea. Bahati yake, mabwawa ya maji taka ya manispaa yalikuwa karibu, na siku hiyo yalikuwa yamejaa. Walimtoa mzima, mguu umevunjika sehemu mbili, kiti cha kinyozi kimekunjika kama karatasi. Waandishi walipomuuliza ameonaje dunia, alisema alikuwa amefumba macho.

Fundi Bapa alikaa chini kwenye nyasi, koti la Waziri limeanguka pembeni.

“Dada. Kile kiti kilikuwa changu.”

“Najua.”

“Ningekufa.”

“Najua, mdogo wangu.” Akamshika kichwa akakibana kifuani, akalia bila aibu, itifaki ikae huko huko.

Simu ikaita. Ni Waziri, yule halisi, sauti imekauka.

“Redio inasema nimemrusha mkurugenzi wangu kwenye maji taka! Andika haraka kwamba mimi sikuwepo.”

“Ulikuwepo, Mheshimiwa. Kiitifaki.”

“Ikulu wamepiga. Mkuu wa Nchi amefurahi sana. Anakuja Jumamosi ijayo kuniona napanda mwenyewe. Nitafutie mtu wa kuniwakilisha!”

“Mbele ya Mkuu wa Nchi hakuna kuwakilishwa, Mheshimiwa.”

Mtu alisikika anavuta kiti, anakaa.

“Hebu niambie, wewe binafsi. Dunia ikoje?”

“Ni mviringo, Mheshimiwa.”

“Tangu lini?”

“Mimi nimefundishwa tangu shule ya msingi.”

“Basi ndivyo ilivyo! Tangaza sasa hivi! Mjadala umefungwa!”

Akatangaza. Kabla ya jua kutua umma ulijulishwa kwamba dunia ni mviringo pande zote, kutokana na jitihada za wizara, na kwamba hakuna haja ya mtu yeyote kwenda kuangalia tena. Ikulu ilijibu usiku huo huo. Mkuu wa Nchi ameisoma taarifa, ameipenda, na anamtakia Mheshimiwa safari njema ya kwenda kuhakikisha.