Mtungi wa Kipande cha Mtoni

Jumatatu, 6 Julai 1987. Ishiara.

Wageni wamefika kwa Runji. Hema mbili, ndoo kumi, kamba nyingi nyeupe. Mkubwa wao ni mwanamke wa Kanyakine, Daktari Kathure. Runji alimwonyesha goti lake linalouma. Akaambiwa ni daktari wa mambo ya kale, hatibu magoti. Nilifurahi kidogo.

Lakini furaha haikukaa. Wanachimba kilima kidogo kilicho katika shamba la Runji na tayari jirani yangu huyu anatembea kama diwani. Jumanne ijayo kamati ya ardhi inakuja kuamua kile kipande cha mtoni. Mimi nasema babu yangu ndiye aliyeanza kukaa pale. Runji anasema ni babu yake. Wazee waliojua ukweli wote wamekufa. Kamati inataka alama: jivu la boma la zamani, mti uliotundikwa mizinga, chochote.

Nikikikosa kipande hicho, mbuzi wangu arobaini hawana njia ya maji. Watazunguka kupitia sokoni, mwendo wa saa nzima, na jua hili la huku kwetu. Na Runji atakuwa ameketi kivulini akiwahesabu wakipita.

Jumatano, 8 Julai

Nilienda kuchungulia. Hawachimbi kama watu. Wanakwangua kwa mwiko wa fundi, wanafagia kwa brashi, halafu wanachekecha mchanga kama unga wa wimbi. Siku nzima, na shimo halijafika magotini.

Niliuliza kama wamepata dhahabu. Daktari akasema amepata kitu kizuri zaidi. Akanionyesha mfupa. Mguu wa mbuzi, uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya. Akasema mbuzi huyo aliishi miaka mingi baada ya kuumia, maana yake kuna mtu alikuwa akimkatia majani na kumletea maji. Hatujui jina lake, akasema, lakini tunajua alikuwa mtu wa namna gani.

Mimi naona alikuwa mtu wa hasara. Mbuzi akivunjika mguu unachinja. Kweli, mwaka juzi wetu alivunjika na mke wangu Marcella akamfunga vijiti, akapona. Lakini hayo ni mambo ya Marcella.

Nilipouliza kama jalala la jikoni linaweza kuonyesha nani alikaa wapi, Daktari akasema hakuna kitu kinachozungumza kama jalala la jikoni. Vyungu hasa. Nikamshukuru sana. Nikarudi nyumbani haraka.

Ijumaa, 10 Julai

Kitu cha kale kuliko vyote nyumbani kwetu ni mtungi wa Marcella, ule wa kona, wa maji ya kunywa. Alipewa na marehemu mama yake. Wa mviringo, shingo nyembamba, mzuri.

Shida ni kwamba ulionekana safi mno. Basi alipoenda kuteka maji nikauweka juu ya moto mpaka ukawa mweusi tititi, nikaupaka masizi na mafuta ya mbuzi. Sasa ulikuwa na sura ya babu yangu kabisa. Nikauvunja vipande vitano.

Marcella aliporudi nilimwambia mbuzi ameingia ndani akauangusha. Aliuliza vipande viko wapi. Nikasema nimetupa asije akajikata. Aliuliza mbuzi yupi. Nikasema yule wa kahawia. Akatoka nje, akasimama akimtazama yule mbuzi kwa muda mrefu.

Jumapili, 12 Julai

Nilisema tumbo linaniuma. Wote wakaenda kanisani. Nikashuka kwenye kipande cha mtoni na jembe, nikachimba mpaka kiwiko, nikapanga vipande, nikamwaga debe la jivu juu, nikafukia, nikakanyaga. Kazi safi.

Marcella alitoka kanisani mbio, hata hakungoja mkutano wa akina mama. Alikuwa ameomba niombewe. Akanipikia uji wa wimbi. Nilijisikia vibaya kwa kweli. Nikanywa vikombe viwili.

Jumatatu, 13 Julai

Siku mbaya. Naiandika kwa sababu nimeahidi daftari hili kuliandikia kila kitu.

Asubuhi nilimwambia Daktari jembe langu limegonga kitu. Akaja na kamba zake. Runji akaja. Wanawake waliotoka mtoni wakasimama na mitungi yao migongoni, wakatazama. Daktari akafagia taratibu, vipande vikatokea vyeusi, vya heshima. Runji alivua kofia. Hiyo dakika moja nitaikumbuka.

Kisha Daktari akaomba aitwe Cucu Ciakuthii, yule bibi mzee afinyangaye vyungu. Kumbe kila akipata chungu huita mfinyanzi, anasema wao ndio wanaojua. Cucu akashika kipande cha shingo, akakigeuza, akakinusa. Akauliza kwa upole ni nani aliyepika ndani ya mtungi wa maji. Mdomo huu, akasema, hata mwiko hauingii. Na mtungi wa maji hauoni moto tena tangu siku ulipochomwa.

Wanawake walicheka mpaka Phyllis, mke wa Runji, akalazimika kuketi chini. Mimi ningejuaje? Tangu nizaliwe sijawahi kuweka kitu motoni. Daktari akaniuliza kwa adabu kama katika ukoo wetu wanaume ndio waliokuwa wakipika. Nikasema nitauliza.

Halafu Marcella akasogea. Akachukua kile kipande cha shingo, akapitisha kidole pale mama yake alipokuwa ametia alama ya kucha. Akasema tu: Huu ni wa mama. Hakupiga kelele. Aliokota vipande vyote vitano, akavifunga kwa kanga, akaenda nyumbani. Ningependa wangeendelea kucheka.

Daktari aliendelea chini ya shimo langu maana udongo ulikuwa mwekundu na mgumu. Akapata bomba la udongo la kupitishia upepo wa mivukuto, na mavi ya chuma mengi. Hapo watu waliyeyusha chuma zamani sana, kabla ya babu zetu wote wawili. Nikasema papo hapo kwamba babu yangu alitoka kwa wahunzi. Runji akasema wake pia. Daktari akasema mavi ya chuma hayana jina la ukoo.

Jumanne, 14 Julai

Kamati ilikaa. Mwenyekiti, Mzee Nyamu, akasema kipande chote hakiguswi mpaka wageni wamalize, labda miaka miwili. Tanuri la hao wayeyusha chuma limeingia mpaka chini ya ghala langu, kwa hiyo na ghala lihame. Anatakiwa mlinzi wa mahali pale. Wamemchagua Runji. Amepewa filimbi.

Mbuzi wamezunguka sokoni. Wamerudi ndimi nje.

Marcella haongei nami. Jioni nilimsikia akimwomba msamaha yule mbuzi wa kahawia.

Jumamosi, 18 Julai

Siku nne nimekula viazi baridi. Nimefikiri sana. Nimekubali kosa langu: nilifanya mambo ya jikoni bila kujua jikoni.

Basi leo nimeingia. Nilimwambia Marcella samahani, nikamwambia nataka kujifunza. Alinitazama, kisha akanipa kigoda. Nimechambua mboga, nimekoroga ugali, nimepuliza moto mpaka macho yakavimba. Nikamuuliza chungu cha kunde kinakaa vipi juu ya mafiga, masizi yanashika upande gani, chakula kikiungua ndani kinaacha alama gani. Alinieleza yote kwa furaha. Alilia kidogo, akasema Baba Teresia umebadilika, mama angefurahi kukuona.

Kamati inapokea pingamizi kwa siku sitini. Runji hulala saa saba mchana na filimbi mdomoni.

Chungu chenyewe ni kikubwa kuliko mtungi. Nimekipima. Kinataka shimo la futi mbili.