Chama cha Viungo Vyepesi, Ihanda

Jumatatu, 16 Juni
Mwanangu Mackrine amepiga simu kutoka Mwanza. Anakuja Jumamosi. Akinikuta tena nimekaa peke yangu, ananihamishia kwake. Chumba kiko tayari, na televisheni yake. Niache kibanja changu nikalindwe na televisheni! Ufumbuzi: nimeasisi Chama cha Viungo Vyepesi. Wazee, mazoezi na mazungumzo, kila asubuhi uani kwangu. Ili nipate nafasi, kupura maharage yangu nimemkabidhi kibarua, Dusabe. Kazi ya fimbo haimfai mwenye programu ya afya.

Jumanne, 17 Juni
Waliohudhuria: mimi, na mzee Rogasian aliyekuja kuazima jembe. Nilimwelekeza kuinua mikono na kuishusha. Aliuliza inashuka kupiga nini. Nikamweleza kwamba haipigi kitu. Hapo ndipo ilipo sayansi yake. Akaondoka na jembe. Huenda nilitanguliza nadharia mno.

Alhamisi, 19 Juni
Kikwazo kimebainika. Sperancia, jirani yangu na mshindani wangu tangu kipaimara, amealika watu kumpuria maharage. Jumamosi! Wazee wote wameitika. Nilikwenda kumshawishi aahirishe, hoja moja baada ya nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akasema, "Mwalimu, maharage hayana digrii. Yakinyeshewa yanaota tu."
Nimetangaza uji wa ulezi kwa watakaokuja kwangu. Hila? Napendelea kuiita motisha.

Jumamosi, 21 Juni
Asubuhi: uji sufuria tele, mwanachama hakuna. Mackrine akapiga simu: ameshuka Omurushaka, anatafuta bodaboda. Nikakimbilia kwa Sperancia kuomba wazee wachache tu, waje wasimame uani kwangu mpaka mgeni awaone. Sperancia alisema haondoki mtu kabla lundo halijaisha, akanitia fimbo mkononi.
Nikapiga kwa hasira. Punde hasira ikashika mdundo. Wakaanzisha wimbo wa Kinyambo ambao sikujua kwamba bado ninaukumbuka, pamoja na ubeti usiofaa kuimbwa mbele ya mchungaji. Rogasian akapaza sauti kutoka ng'ambo ya lundo, "Sasa unaona inashuka kupiga nini, Mwalimu?" Walicheka. Nilicheka kuwapita.
Nilipoinua macho, Mackrine alikuwa amesimama na begi lake. Nami jasho tupu, kitenge kimejaa makapi! Aliniamkia, akalalamika kwamba nyumbani amekuta mlango umefungwa, kisha akawaambia wenzangu kwamba amekuja kunichukua. 
Sperancia alijibu bila hata kuacha kupiga. "Umchukue huyu? Sisi tubishane na nani?"
Mackrine akatua begi, akaomba fimbo. Mwanza imefutwa! Uji ulifuatwa kwangu, ukanywewa palepale, haukubaki.

Jumapili, 22 Juni
Mackrine ameondoka peke yake, na maharage ya Sperancia kwenye begi. Usiku nimelala fofofo. Mabega mepesi ajabu. Uadilifu wa kitaaluma unanidai nichunguze chanzo cha ushindi huu. Je, ni fimbo? Je, ni wale watu? Nimezipima dhana zote mbili kwa uangalifu, na, ingawa naweza kukosea, nimezikataa. Ni dhahiri kwamba programu yangu ya kuinua mikono imeanza kuzaa matunda.
Sperancia amepita kunialika: kesho wanapura kwa Rogasian. Nimemshukuru, nikamweleza kwamba nitamtuma Dusabe aniwakilishe.
Mimi kesho nina mazoezi.