Sayari Iliyowahi na Kufuli Mbili

Jumatano, 20 Agosti 2025. Iringa.

Swali ambalo nimeshindana nalo tangu chuo kikuu: je, mtu hutazama nyota ili ajue, au ili ajulikane? Nimeliandikia kurasa nyingi. Leo limeacha kuwa la nadharia.

Rubab ameleta mpango. Ni binti wa duka la vitambaa pale sokoni. Nilimfundisha fizikia kidato cha tano. Sasa ni mtafiti, na anatuagiza sisi walimu wake. Kuna sayari ya mbali inayozunguka nyota yake, si jua letu. Njia yake si duara. Imevutwa ikawa nyembamba kama jani la muhindi. Kila mzunguko huchukua miezi kumi na minne. Karibu muda wote huo inazurura mbali, kisha inapita mbele ya nyota mbio mbio, macho chini, kama mtu anayekatiza mbele ya nyumba ya mama mkwe. Ikipita, mwanga wa nyota unafifia kidogo. Saa ngapi hasa? Hakuna mwenye uhakika, na bila kuijua saa hiyo njia yake haichoreki sawasawa. Kwa hiyo Iringa tutazame, Mbeya watazame, kila mmoja kivyake, bila kuambiana. Vipimo vitalinganishwa baadaye.

Kituo chenye kipimo bora kitapewa darubini kubwa. Kubwa! Yangu imeegemezwa kwa tofali.

Mbeya maana yake Lutengano. Tulisoma darasa moja. Alinipita kwa alama moja katika mtihani wa mwisho, na hadi leo ananiita namba mbili wake.

Ijumaa, 22 Agosti.

Sayari inatarajiwa kesho usiku. Nimetafakari kwa utulivu na kuhitimisha kwamba uadilifu haukatazi tahadhari. Lutengano hawezi kukaa bila kunipigia. Akipiga, nitamtajia wakati wa uongo. Atakitilia shaka kipimo chake, atakisogeza kuelekea changu, ataharibikiwa. Si udanganyifu hasa. Ni jaribio juu ya tabia ya mtazamaji.

Mdogo wangu Yusta amesema kwa Kihehe jambo hilo lina jina moja tu, tena fupi. Sikumwomba alitaje.

Jumapili, 24 Agosti.

Anga safi, baridi ya kukata masikio. Mwanga ulishuka! Lakini dakika arobaini kabla ya wakati uliotabiriwa. Nilifurahi kwa muda mfupi. Kisha nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huenda ni moshi. Wanachoma mashamba upande wa Kilolo. Huenda ni tofali. Msomi wa kweli hukubali kwamba anaweza kukosea.

Lutengano alipiga kabla ya ibada. Kamwene, namba mbili wangu! Hata salamu ya kwetu ameifanya dhihaka. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba kwangu imechelewa, dakika ishirini nzima. Nikasikia akipekua karatasi zake. Sauti tamu! Kisha akasema kwake imefika wakati uleule uliotabiriwa, hakuona ajabu yoyote, akauliza: na darubini yako bado imelala kwenye tofali? Nikamjibu kwamba tofali la Iringa linaona mbali kuliko Mbeya yote na ukungu wake. Akacheka, akasema ndaga, ile asante ya kwao, akakata simu.

Nimekaa kanisani bila kusikia neno. Kama yeye ameiona kwa wakati, basi mimi nimepima moshi. Lutengano ana mengi, ila si mzembe. Jioni nimerekebisha kipimo: imefika kwa wakati. Nimeongeza sentensi mbili kuhusu unyenyekevu katika sayansi. Zimekaa vizuri sana.

Jumanne, 26 Agosti.

Rubab amepiga. Sauti ileile niliyokuwa nikiitumia kwa kidato cha kwanza. Iringa inasema imefika kwa wakati, Mbeya inasema imechelewa dakika ishirini.

Ishirini! Amenasa! Nikacheka kwa sauti.

Rubab akasubiri nimalize. Akasema amezifungua picha zenyewe, tulizotakiwa wote kuzituma pamoja na majibu, na kila picha hujiandikia saa yake. Za Iringa na za Mbeya zinasema neno moja: dakika arobaini mapema. Hajawahi kuona vituo viwili vikikubaliana vizuri hivyo. Mwalimu Damari, akasema, sayari iliwahi, sehemu nyingine zote kulikuwa mchana au mawingu, mkaiona ninyi wawili tu, na wote wawili mmeikana. Kisa?

Nikasema moshi.

Kwa hiyo Lutengano naye aliiona mapema, na akanidanganya! Uhuni wa kiwango hiki, kutoka kwa mtu aliyesoma!

Jumamosi, 30 Agosti. Nyololo.

Hukumu. Darubini haiji Iringa, haiendi Mbeya. Inawekwa Idodi, kwenye giza zuri, ndani ya chumba chenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja wangu, mmoja wa Lutengano. Hakuna wa kufungua peke yake. Ni mtindo wa sanduku la kikoba, chama cha kuweka na kukopa. Mama yake Rubab amekuwa mshika ufunguo kwenye kikoba chao miaka mingi, na anajua watu wanavyoaminiana.

Rubab alitukabidhi funguo hapa mgahawani, katikati ya Iringa na Mbeya, ili asionekane kupendelea. Lutengano akaniomba radhi kwanza. Nikaona ujanja wake. Nikaomba radhi kwa maneno mengi zaidi. Rubab akatutazama kama mtu anayesoma kipimo kibovu, akaaga.

Lutengano akaenda kunawa. Ufunguo wake ukabaki kando ya sahani. Mkobani mwangu, kwa bahati tu, mlikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Nikaukandamiza humo. Haikuchukua muda. Aliporudi, nami nikaenda kunawa, maana vidole viliteleza. Ufunguo wangu niliuacha mezani, ili asishuku.

Jumapili, 31 Agosti. Iringa.

Sayari itarudi Oktoba mwakani. Nimeupitia mkasa wote bila upendeleo. Kosa langu lilikuwa uongo wa dakika ishirini. Ulikuwa mdogo mno.

Swali langu bado liko wazi, na nadhani najua kwa nini. Shahidi pekee wa nia yangu ni mimi, na shahidi huyo amekwisha kubadili ushahidi kwa sababu ya simu moja.

Jioni nimeufuta ufunguo wangu. Kwenye meno yake kuna mabaki ya sabuni. Yangu ni ya bluu. Hii ni nyeupe.

Mtu huyu hana haya!

Kesho nawahi kwa fundi wa funguo. Wa hapa hufungua mapema kuliko wa Mbeya.