Smektaiti Usoni mwa Siagi

Karanga zilikuwa mbovu, lakini karatasi iliyozifunga ilikuwa mali.

Siagi, kijana aliyepewa jina hilo mtaani kwa jinsi maneno yalivyomteleza mdomoni, aliikunjua akakuta ni ukurasa uliochanwa kutoka kamusi ya madini. Kushoto yamepangwa majina: biotaiti, kaolini, muskovaiti, smektaiti. Kulia kuna maelezo, kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Siagi alikariri ya kushoto. Ya kulia aliwaachia wenye muda.

Alikuwa akiishi bure, mwaka wa tatu sasa, kwa shangazi yake mfinyanzi, mwanamke aliyebeba vyungu kichwani hadi sokoni mpaka shingo ikaanza kuomba likizo. Uani kulikuwa na marundo mawili ya udongo, moja jeupe na jingine la kijivu lililojaa ulanga, yale maganda membamba yanayometameta kama vioo. Siagi aliuliza upi unaong'aa zaidi. Shangazi, mikono ndani ya chungu, akaonyesha ule wa kijivu kwa kidevu.

Saa nne Siagi alikuwa saluni na kopo la udongo wa kijivu mkononi, ndani ya koti jeupe la kuazima kwa muuza nyama, limefuliwa likakaribia kutakata. Mwenye saluni aliwahi kuuza maji ya bomba kama dawa ya kukuza nywele, kwa hiyo tusimwonee huruma mapema. Mlangoni pake ilisimama pikipiki ya magurudumu matatu. Mpango wa Siagi ulikuwa mwepesi: amuuzie mama huyu udongo wote wa uani, achukue pikipiki yake kuwa malipo, apotelee mji mwingine. Shangazi angejua siku atakapokuta watu wanazoa marundo yake.

"Hii ni smektaiti, mama. Fuwele ya tabaka tatu. Ngozi ikiiona tu, inakumbuka ujana."

"Basi jipake wewe kwanza," alisema Mama Saluni.

Siagi akajipaka kuanzia utosini hadi kidevuni, unene wa kidole, akaketi chini ya mashine ya kukaushia nywele huku akiwaeleza wateja kwamba kaolini ni binamu yake smektaiti, na biotaiti ni ya wenye vyeo tu. Baada ya robo saa muskovaiti ikatoka "mskv". Kisha haikutoka kabisa. Nyusi zilikuwa zimepanda zikagoma kushuka, na wateja wakaona kunyamaza huku ndiko unyenyekevu wa wasomi.

Mama Saluni akauliza udongo unatoka ua wa nani. Siagi, ambaye majibu saba ya uongo yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno, akasema, "Mm."

Msusi mmoja akasema huyu anakaa kwa mfinyanzi wa nyuma ya soko. Mfinyanzi akaitwa ashuhudie mauziano.

Shangazi alifika na tope hadi viwikoni. Akamtazama mpwa wake kwa utulivu, akachomoa ile karatasi iliyochungulia mfukoni mwa koti la kuazima, akavaa miwani, akasoma upande wa kulia.

"Smektaiti. Udongo ambao tabaka zake hunyonya maji na kutanuka. Ukikauka, hunywea na kukaza." Akaikunja. "Hukufika huku, mwanangu?"

"Mm."

Hapo akamgeukia Mama Saluni, akasema udongo wa uso ni ule mweupe, beseni moja kila wiki kwa mwaka mzima, na yeye atachukua pikipiki. Mama Saluni akataka kujua kama kijana ameridhika.

"Si umuulize mwenyewe."

Saluni nzima ikasubiri. Siagi alipinga vikali sana, kwa macho.

"Ameridhika," alisema shangazi.

Walipommwagia maji ili kumfungua, udongo ulitanuka kwanza, kichwa kikawa ukubwa wa mtungi, na msusi akakimbilia nje. Kinywa kilirudi kazini wakiwa tayari njiani, shangazi kwenye usukani, Siagi nyuma kati ya vyungu vya kupeleka sokoni.

"Shangazi, wewe ndiye uliyenionyesha ule wa kijivu."

"Uliuliza upi unaong'aa. Shika vyungu, kuna tuta."