Kiongozi Husema Mwisho

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekasirika tangu asubuhi, na nina haki. Bonaventure, mwenyekiti wa kamati ya bomba letu la maji, anahamia Lulimba kuchimba dhahabu. Kiti kinabaki wazi. Uchaguzi ni Jumapili baada ya ibada. Mimi ni makamu wake tangu bomba lilipojengwa. Nilikuwa mkurugenzi wa shule; hadi leo wananiita Direkta. Nusu ya mtaa huu niliifundisha kuandika, na nusu nyingine ingefaa nianze nayo upya. Kiti ni changu.

Lakini sokoni nimesikia jina la Guy. Guy, fundi wa mota za mitumbwi, ambaye hucheka kabla ya kujua kinachochekesha. Tena ni ndugu wa mke wangu, Immaculée. Nilimuuliza mke wangu kama alijua. Alisema anachambua samaki, nisimzibie mwanga.

Nimenunua kitabu kwa mchuuzi aliyetoka Uvira. Cha Kifaransa. Kinaeleza uongozi, na jinsi vyama na ofisi zinavyofanya kazi kwa kweli. Kwenye jalada kuna Mzungu aliyekunja mikono kifuani. Nimejaribu mbele ya kioo. Inanifaa.

Jumanne, 4 Novemba

Sura ya kwanza. Maamuzi ya chama hayafanyiki mkutanoni. Hufanyika pale watu wanapokutana bila kuitwa. Kiongozi aende huko, asikilize.

Huko ni wapi? Foleni ya bomba. Kila alfajiri mimi hulifungua kwa ufunguo, kisha hurudi nyumbani kunywa chai. Leo nilibaki. Nilisimama katikati ya wanawake, mikono nimekunja, nikasikiliza. Wote wakanyamaza. Mama Fanny, muuza mihogo, aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu kwamba nasikiliza tu. Akawageukia wenzake: "Bamama, muchunge midomo. Direkta anatutungia mutihani."

Walicheka hadi bidoni za maji zikaanguka. Foleni ikavurugika, kila mmoja akadai nafasi ya mbele, ugomvi ukaanza. Lawama nikapewa mimi. Hakuna nilichosikia isipokuwa jina la Guy, mara nyingi.

Jumatano, 5 Novemba

Sura ya pili. Kiongozi wa kweli hashiki kazi ndogo. Huzigawa. Mwenye kung'ang'ania kazi ndogo hubaki mdogo.

Niliinuka kitini. Haya ndiyo maelezo ya maisha yangu yote. Miaka hii yote naamka na majogoo kufungua bomba, kama mlinzi wa ghala, halafu nashangaa kwamba sipewi kiti.

Mpango ni huu: ufunguo ashike Guy. Wateja wake ni wavuvi. Hukesha nao ufukweni na kuamka jua likiwa juu. Foleni itamngoja, watoto watachelewa shule, akina mama watamtukana. Kufika Jumapili jina lake litakuwa limeoza.

Nilimpelekea ufunguo karakanani kwake kando ya ziwa. Nikamwambia namwamini. Aliupokea kwa mikono miwili: "Shemeji, sikujua kama unanipenda hivi."

Immaculée alipopata habari aliacha kusonga ugali. Akauliza, ufunguo? Nikasema ndiyo. Akauliza, wa bomba? Nikamweleza sura ya pili yote. Akaendelea kusonga. Haelewi uongozi.

Ijumaa, 7 Novemba

Guy hakuchelewa jana. Hakuchelewa leo. Mwezi ni mpevu wiki hii, samaki hawafuati taa za kuvulia, wavuvi hawatoki, na Guy analala mapema kama mtoto. Mtu aliyezaliwa mji huu wa Baraka hahitaji kuelezwa jambo hilo. Nililisahau kwa sababu kitabu kile hakina mwezi wala ziwa.

Kuna baya zaidi. Bomba lilikuwa likivuja. Nimelalamika juu ya uvujaji huo katika kila mkutano, kwa ufasaha. Guy alikuja na kipande cha mpira wa mota, akalikaza, akaenda zake. Sasa pamekauka. Hakuna tena tope.

Mama Fanny alipita mbele ya nyumba yangu na bidoni kichwani, akapaza sauti: "Direkta, aksanti kutuletea Guy!"

Sikula chakula cha mchana.

Jumapili, 9 Novemba

Nina hasira, lakini nitaandika.

Sura ya tatu. Kiongozi husema mwisho. Wengine wamalize, ndipo atamke maneno machache mazito. Nilitayarisha maneno mengi mazito.

Mkutano ulifanyika barazani pa kanisa. Mama Fanny alimtaja Guy. Mwingine akamtaja Guy. Nikakunja mikono. Bonaventure akauliza kama kuna jina lingine, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima jambo. Wakaona nimekataa. Makofi yakapigwa. Guy akawa mwenyekiti.

Bado nilingoja mwisho. Ukafika. Katika mtaa wetu, mzee ambaye hakusema neno ndiye hupewa sala ya kufunga, na baada ya Amina hakuna mwenye ruhusa ya kuongeza jambo. Naijua desturi hiyo. Nimeitumia kuwanyamazisha wengi. "Direkta hakusema kitu," alisema Bonaventure. "Atuombee."

Basi hotuba nikaitia ndani ya sala. Nilimwomba Mungu mwenyekiti mwenye umri, mwenye elimu, aliyezoea kuamka alfajiri. Wakaitika Amina. Nikamkumbusha Mungu kwamba mtu huyo hayuko mbali, kwamba aliwahi kuongoza shule, kwamba wakati huu amesimama. Guy aliitika kwa nguvu kuliko wote. Nilipoanza kueleza kazi zangu moja baada ya nyingine, Mama Fanny akaitoa Amina ya mwisho kwa niaba yangu. Watu wakainuka na viti vyao.

Guy alinishika mkono, macho yamelowa. "Shemeji, ile maombi imenigusa. Nitaamuka alfajiri, vile umeniombea."

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka na majogoo kwa mazoea. Mkono ukaenda msumarini palipokuwa na ufunguo. Msumari mtupu. Nimekaa kitandani nikisikia bomba likifunguliwa, na watu wakicheka.

Immaculée ameniletea chai. Ameketi kando yangu, jambo ambalo hulifanya mara chache. Akasema kwa upole: "Ile kitabu, umupatie Guy. Akiisoma yote, mbele ya Noeli kiti itakuwa yako."

Nimemkatalia kwa ukali. Kumpa Guy silaha kama hii? Hataondolewa tena milele. Nimekifungia sandukuni.

Kosa langu nimeliona: nilisoma sura tatu tu, nazo ziko tisa. Tena bomba ni jambo dogo. Kwaya ya kanisa itachagua rais wake mwezi huu, na mpinzani wangu ni Nicolas, mtu wa kelele tupu. Ngoma za kwaya hutunzwa na mimi, nyumbani kwangu.

Kesho asubuhi ninampelekea Nicolas ngoma zote. Azitunze yeye. Ataona.