Chumba cha Kuona Mlima

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Shule zimefungwa. Nimemaliza kusahihisha karatasi za Jiografia. Swali la mmomonyoko wa udongo limewashinda wengi. Aibu! Na nilifundisha mwenyewe.

Jirani yangu Rukaya ana wageni tena. Ana chumba kimoja tu cha kukodisha, lakini kila sikukuu watu wa Nairobi wanapiga hodi kwake. Mimi pia nina chumba nyuma ya nyumba, kizuri kuliko chake. Mbona hawaji kwangu? Nimekaa mlangoni nikawaza, na jibu lilikuwa limesimama mbele yangu. Miti! Ile mikinduri mizee ya juu ya ploti imeuficha Mlima Kenya wote. Ikianguka, mgeni atauona Mlima akiwa kitandani. Rukaya ataweza hilo? Wapi.

Jumatano, 9 Aprili

Theuri, mkata miti wa hapa kwetu, alikuja na pawa, ule msumeno wake wa injini. Kufikia chai ya saa nne miti yote ilikuwa chini. Ndege walizunguka wakipiga kelele, kisha wakahamia kwa Rukaya. Hata ndege!

Rukaya mwenyewe alisimama kwenye ua akaniuliza kama nimeifikiria chemchemi ya bondeni, ambako majirani wote wa upande huu wa Gatitu tunateka maji. Nikamweleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba misitu inayohitajika na dunia ni ile mikubwa, ya Kongo na Amazoni. Yangu ni miti michache tu.

"Mwalimu," akasema, "kila mwenye ploti kwenye mteremko huu anasema yake ni michache."

Wivu wa biashara.

Mke wangu Emmah aliwatoa kuku wake bandani, akawahamishia upande wa barabara. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi mawingu. Mchana mawingu. Jioni mawingu. Kinachoonekana vizuri kabisa ni choo cha watu wa ng'ambo ya bonde.

Jumamosi, 12 Aprili

Umetoka! Jua lilipochomoza vilele vyote vilikuwa wazi. Emmah alikuja na kikombe chake cha chai akasimama kando yangu. Nikapiga picha kabla wingu halijarudi, nikaiweka Facebook. Kabla ya chakula cha mchana, bwana mmoja wa mji wa Kenol, Mutahi, alikuwa ameshapiga simu. Anakuja na mkewe kwa Pasaka. Nilipita mbele ya mlango wa Rukaya nikiongea kwa sauti na simu iliyozimwa.

Jumanne, 15 Aprili

Upepo! Kumbe miti ndiyo iliyokuwa ikiupokea. Umeng'oa bati la chumba cha wageni, nimelirudisha na kuliwekea mawe. Mchana humo ndani ni jiko, kivuli hakuna. Nitawaambia wageni ni joto la afya.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Siku mbaya.

Mutahi na mkewe walifika. Mlima haukufika. Tulikuwa sebuleni kwa chai mvua ilipoanza, mvua ya kawaida ya Aprili. Kisha tukasikia kama mtu anaburuta magunia. Udongo wa juu ya ploti, ule mweusi mzuri, ulikuwa unateremka. Ulisukuma mlango wa chumba cha wageni, ukafika kwenye godoro, ukameza viatu vya kanisani vya Bi Mutahi. Banda la kuku limezikwa lote. Hakuna aliyeumia. Kama wangekuwa wamelala?

Wageni walivuka ua pekupeku kwenda kwa Rukaya.

"Hili swali uliliweka kwa mtihani," Emmah akaniambia. "Hata mimi nilisoma hiyo karatasi."

Jumamosi, 19 Aprili

Chemchemi imekuwa uji wa udongo. Kesho ni Pasaka na majirani hawana maji. Nilijifungia ndani nikingoja matusi.

Wakaja na majembe. Rukaya mbele, nyuma yake majirani, hata Bwana Mutahi ndani ya gambuti, buti za mpira za kuazima. Walizibua chemchemi, wakachimba matuta ya kuzuia udongo, wakaanza kupanda miche ambayo Rukaya huotesha nyuma ya jikoni yake. Nilitoka kuomba msamaha. Rukaya akanitilia mche mkononi.

"Shimo ni hili, Mwalimu. Panda."

Nikapanda. Jioni maji yalianza kung'aa, na Emmah akanijazia sahani bila kuombwa.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mimi ni mtu mpya. Nimekagua miche yote, mmoja mmoja, nikaisemesha. Nimeapa kuitunza maisha yangu yote.

Nikiwa huko juu nimegundua jambo. Pale udongo ulipoporomoka pamebaki jiwe tupu, safi, la kijivu, jiwe la kujengea! Nimempigia Theuri, naye anasema watu wa ujenzi wanalitafuta sana siku hizi. Linaendelea chini ya matuta mapya, lakini nikichimba kwa uangalifu, nikihamisha miche kidogo tu, nani atajua?

Kesho alfajiri, kabla Emmah hajaamka, nitakwenda kwa Rukaya kuazima sururu.